Nasaba Zetu Zilizopanda Bara: Kutoka Majengo na Kibera hadi Riruta Satellite

Mwezi wa Julai mwaka 2018 alifariki dunia hapa Mombasa mzee mmoja wa mtaa wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakujaaliwa mtoto, na wazazi wake walikuwa wametangulia zamani. Aliacha mke, dada yake wa baba mmoja na mama mmoja, na mtoto wa ami yake mwanamume. Aliacha pia nyumba moja ya mawe na kipande cha shamba la minazi. Hesabu ilipoletwa kwangu baada ya muda mrefu wa mashauri, kazi ilionekana nyepesi: mke robo, dada nusu, na kinachosalia ni cha mtoto wa ami kwa kuwa yeye ndiye asaba. Nilikuwa nimekwisha shika kalamu yule dada aliposema kwa sauti ya chini, "Shekhe, na dada yetu wa Nairobi je?"

Chumba kizima kilinyamaza. Dada huyo mkubwa alikuwa ameolewa akiwa na miaka kumi na minane, akamfuata mumewe aliyekuwa na kazi ya Reli huko Nairobi, mapema katika miaka ya 1950. Barua zilikuja miaka michache. Ikasikika kuwa ameachwa. Baadaye ikaja barua moja ya kusema kwamba amehama Majengo na sasa yuko Kibera. Kisha, katika miaka ya 1980, msafiri mmoja akasema amemwona Kawangware akitoka sokoni. Tangu hapo hapakuwa na neno. Mtoto wa ami alisema, "Huyo atakuwa amekufa." Nikamjibu kwamba "atakuwa" haigawi mirathi.

Wasomaji waliosoma faradhi watafahamu kwa nini kalamu niliiweka chini. Kama dada yule alikuwa hai siku aliyofariki kaka yake, basi dada ni wawili, nao hupata theluthi mbili. Mali ingegawanywa mafungu kumi na mawili: mke matatu, kila dada manne, na mtoto wa ami moja tu. Kama alimtangulia kaka yake, mke angechukua matatu, dada aliyebaki sita, na mtoto wa ami matatu. Na kama alikufa baada ya kaka yake, fungu lake linakwenda kwa warithi wake yeye, na hapo lazima tujue kama aliacha mtoto. Ilibidi atafutwe, na aliyepewa kazi ya kumtafuta ni mimi.

Wenye habari hii wameniruhusu kuisimulia bila ya majina. Ninaisimulia kwa sababu sijui nyumba nyingi za Pwani zisizokuwa na mtu wao aliyepanda bara akapotelea huko: ami aliyekwenda na msafara, shangazi aliyefuata mume, babu aliyechukuliwa vitani. Anayetaka kuwatafuta hana budi kwanza ajue mitaa ile ilianza vipi, la sivyo atasoma majina asielewe yanasema nini.

Vijiji vya Waswahili

Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, lakini watu wa Pwani walikuwa wamekwisha zijua njia za huko kabla yake. Mwaka 1890 Lugard, akiwa mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alijenga ngome Dagoretti kwa mapatano na Waiyaki wa Hinga. Mizigo yake ilibebwa na wapagazi, na wapagazi wengi wa misafara ya zama zile walikuwa wa kutoka Pwani na Zanzibar. Mapatano hayakudumu. Waiyaki alikamatwa mwaka 1892 akafia Kibwezi, akiwa njiani kuletwa Pwani. Baada yake Waingereza walimwinua Kinyanjui wa Gathirimu, aliyewahi kuwa kiongozi wa njia wa misafara, na huyo ndiye aliyekuwa chifu mkuu wa upande wa Dagoretti hadi alipofariki mwaka 1929. Kwa hiyo ardhi ambayo leo tunaiita Riruta, Kawangware na Dagoretti ilikanyagwa na miguu ya watu wetu kabla ya mji wa Nairobi kuwako.

Mji ulipozaliwa, wapagazi, askari, wapishi, mafundi na wachuuzi walijijengea vijiji pembezoni mwake: Pangani, kijiji walichokiita Mombasa, Maskini, Kaburini, Kileleshwa. Tazameni majina hayo, mawili ya mwanzo ni miji ya kwetu. Vilikuwa vijiji vya Kiislamu kwa desturi na kwa ibada, lakini wakazi wake hawakuwa watu wa Pwani peke yao. Walifika Wakikuyu, Wakamba, Wanandi, Wamaasai, Wamanyema na wengineo. Wengi wakasilimu, wakavaa kanzu na kanga, wakaitwa Waswahili na wenyewe wakajiita hivyo.

Hapa ndipo watafutaji wengi wa nasaba wanapoteleza. Wanaona katika karatasi ya zamani imeandikwa "kabila: Mswahili", wanashuka Lamu au Mombasa kutafuta ukoo, kumbe babu alizaliwa Kiambu. Mkononi mwa mwanamke jina la "binti Abdallah" nalo lahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa aliyesilimu mara nyingi alipewa jina la baba la Kiislamu badala ya lile la baba aliyemzaa. Sura ya Al-Ahzab imetuelekeza tuwanasibishe watu na baba zao, na laiti waandishi wa zamani wangelizingatia, kazi yetu leo ingekuwa nyepesi. Lakini iko alama moja ambayo imenifaa mara nyingi. Tangu mwaka 1906 sheria ya nchi iliagiza ndoa na talaka za Kiislamu ziandikwe, na mimi mwenyewe nimeandika ndoa nyingi. Ukiona katika daftari kwamba wali wa bibi harusi ni kadhi au imamu, wala hapana baba, kaka wala ami, jiulize kwa nini. Huenda alikuwa mbali na watu wake. Huenda pia baba yake hakuwa Mwislamu, na asiyekuwa Mwislamu hawi wali. Mstari huo mmoja waweza kukufungulia mlango wa kizazi kizima.

Mapema katika miaka ya 1920 serikali ilianza kuvikusanya vijiji hivyo Pumwani. Watu walipewa viwanja wakajijengea nyumba zao wenyewe za udongo, ndiyo maana hadi leo pakaitwa Majengo. Pangani ilikaidi mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930 ilipobomolewa, na wenye nyumba wakahamishiwa Shauri Moyo.

Sasa nawaomba dada zangu wasome aya hii kwa utulivu. Sehemu kubwa ya wenye nyumba katika Pangani na Majengo walikuwa wanawake, nao walijenga kwa fedha za mikono yao. Zilitoka wapi fedha hizo? Sitaipamba habari. Wapo waliouza chakula, wapo waliopangisha vyumba, na wapo waliochuma kwa njia ambayo dini haiiridhii. Watafiti kama Janet Bujra na Luise White wamewaandika kwa urefu, na asiyetaka kusoma vitabu atayasikia hayo hayo barazani. Mimi nasema kwamba anayemtafuta nyanya yake asianze kwa kumhukumu. Aanze kwa kumjua. Wengi wa wanawake wale hawakuwa na watoto. Walichukua wasichana wakawalea, wakawafunza Kurani na mapishi, wakawaachia nyumba. Ndiyo sababu nyumba ya Majengo yaweza kupita kutoka kwa mwanamke hadi kwa mwanamke mara tatu, na pasiwe hata mmoja aliyemzaa mwenziwe. Kwa hukumu ya mirathi mtoto wa kulea harithi. Kwa wasia usiozidi theluthi, au kwa hiba ya mtu akiwa hai, anapata. Ugomvi mwingi niliowahi kuletewa kutoka Nairobi umetokana na watu kutoyatenganisha mambo haya matatu.

Majengo nilikwenda kwanza, na sikupata ila nyumba mpya mahali pa nyumba ya zamani, na mzee mmoja aliyenielekeza Kibera.

Kibra, yaani msitu

Wenyewe Wanubi huitamka Kibra, neno lenye maana ya msitu kwa lugha yao, na jimbo la uchaguzi lililokatwa kutoka Lang'ata kwa uchaguzi wa mwaka 2013 limefuata matamshi yao. Si Wanubi wa kale wa Misri. Hawa ni wajukuu wa askari wa Kisudani waliokuwa katika jeshi la Misri huko Ikwatoria chini ya Emin Pasha. Harakati ya Mahdi ilipowakatia njia ya kurudi, walibaki karibu na Ziwa Albert wakiongozwa na Selim Bey. Mwaka 1891 Lugard aliwakuta huko akawachukua Uganda. Mwaka 1897 baadhi yao waliasi kwa uchovu na ujira mdogo. Waliobaki, pamoja na watoto wao, waliingia katika King's African Rifles ilipoundwa mwaka 1902, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya.

Kuanzia mwaka 1904 hivi askari hao walikaa kusini-magharibi mwa Nairobi, na aliyetimiza muda wake wa utumishi alipewa kibali cha kujenga na kulima. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Mwaka 1928 likatolewa mikononi mwa jeshi na kuwekwa chini ya utawala wa kiraia, na hapo wakaanza kuambiwa kwamba hawakupewa ardhi, wameazimwa tu. Tume ya Ardhi ya Jaji Morris Carter, iliyofanya kazi yake kati ya mwaka 1932 na 1934, iliona kwamba wao ni wapangaji kwa hiari ya Serikali ya Mfalme. Baada ya uhuru mitaa ya nyumba za kisasa ilimega pande hii na ile, na wageni kutoka kila wilaya wakafurika. Ekari 4,197 zikawa zinaliwa kama sabuni. Mwezi wa Juni mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hati ya ekari 288.

Mitaa ya Kibera ni daftari la nasaba kwa anayeweza kulisoma. Kambi Muru, Kambi Lendu na Kambi Aluru zinabeba majina ya Wamoru, Walendu na Waaluru, makabila ya kule askari walikotoka. Mnubi anayesema "sisi ni wa Kambi Lendu" amekwisha kukupa nusu ya habari. Lindi imechukua jina la mji wa kusini mwa Tanzania, ambako askari wa Keya walipigana na Wajerumani katika Vita Vikuu vya Kwanza. Laini Saba wazee huieleza kwa mistari ya shabaha ya wanajeshi. Wake waliolewa kutoka kila upande, Wakikuyu, Wamaasai, Waluo, na watoto wao wote wakawa Wanubi. Kwa hiyo upande wa mama mara nyingi umepotea katika karatasi, na haupatikani ila kwa akina bibi wanaokumbuka ni nani alimfunza nani kufunga gurbaba na kusuka tabaga.

Watu husema Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu 170,070. Naitaja kwa sababu aliyenionya nisiende alisema kwamba kumtafuta mtu mmoja huko ni kama kutafuta sindano baharini. Si kweli. Makina, karibu na msikiti, nilikaa na mabibi watatu asubuhi moja tu. Hawakumjua dada yetu kwa jina nililoliandika. Walimjua kwa jina la mji wake, kwa kuwa ndivyo alivyoitwa: Mombasa. Alipanga chumba katika nyumba ya Mnubi kwa miaka mingi, alipika mahamri na mbaazi, alisomesha watoto juzuu. Alikuwa na binti mmoja. Binti alipoolewa Kawangware, mama alimfuata.

Kwa wenyewe Wanubi, kumbukumbu ya namna hii si ya kupitisha wakati. Kijana akifikia umri wa kitambulisho aliitwa mbele ya kamati akaulizwa karatasi za babu yake, na asiyekuwa nazo alirudi nyumbani mikono mitupu, miaka na miaka, hana kazi wala akaunti ya benki. Mwezi wa Machi mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi katika jambo la uraia. Nimeona nyumba ambamo cheti cha babu cha kuachishwa jeshi kimewekwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya sanduku, na ufunguo wa sanduku uko kifuani mwa nyanya.

Upande wa pili wa Barabara ya Ngong

Ukivuka Barabara ya Ngong, sheria ya ardhi inabadilika, na pamoja nayo njia ya kutafuta watu. Riruta na Kawangware zilikuwa sehemu ya ardhi ya Wakikuyu katika wilaya ya Kiambu. Hazikuingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi ila mwaka 1963. Jina la Kawangware huelezwa kwa neno la Kikikuyu *ngware*, ambaye ni ndege tunayemwita kwale, na hivyo mtu wa Kwale aliyehamia Kawangware hakutoka mbali sana! Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, Wakikuyu walikusanywa vijijini kwa nguvu, na mashamba yakapimwa upya na kuandikishwa kwa majina ya watu binafsi. Ndiyo maana hati za huko huandikwa Dagoretti/Riruta, kisha nambari. Kibera mwenye nyumba hana hati, lakini kila mtu anamjua. Riruta hati ipo, na mwenye shamba huenda amekufa zamani na wanawe wamejenga vyumba vya kupangisha hadi ukingoni mwa barabara.

Kwa familia zenye ardhi upande huo, njia nzuri ni Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza kuchapishwa mwaka 1899, na ambalo leo nakala zake nyingi zinasomeka katika intaneti. Mtu anapofariki na warithi wakaomba mahakamani kusimamia mali, tangazo hutoka humo pamoja na jina, mahali na tarehe ya kifo. Ripoti za wilaya ya Kiambu na za Nairobi ziko katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, katika jengo lililokuwa la Benki ya India. Barua za Keya zilizotumwa London ziko Kew, katika hifadhi ya Uingereza. Ila mwenye kutafuta cheti cha kuzaliwa cha Mwafrika wa zamani asijisumbue sana: uandikishaji wa lazima kwa watu wote ulianza Nairobi mwaka 1963, na haukuenea nchi nzima mpaka mwaka 1971. Watu wa kabla ya hapo walipewa vyeti ukubwani, kwa maneno ya aliyewapeleka. Kumbukeni neno hili, litarudi.

Mpangaji naye, ambaye hana hati wala tangazo, utampataje? Utampata msikitini. Utampata katika kitabu cha maziko, na katika daftari ya chama cha akina mama cha kuzikana. Nami ndivyo nilivyompata. Akina mama wa darsa moja ya Kawangware walinielekeza kwa mwenzao anayekaa Riruta Satellite, kando ya Barabara ya Naivasha, ghorofa ya pili, juu ya duka la vyuma.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, amejitanda kanga. Akanipokea kwa maneno haya: "Karibu shekhe. Ndia mumeipata vyema?" Nilisimama kidogo. Alikuwa Mkikuyu wa sura, na amezungumza Kimvita cha miaka ya hamsini, maneno ambayo hata wanangu waliozaliwa Mombasa hawayatumii. Mahamri aliyoniandalia yalikuwa na iliki ya kutosha.

Mama yake alikuwa amefariki mwezi wa Februari mwaka 2019 katika chumba kile kile, akazikwa Kariokor, kwa kuwa aliusia alazwe karibu na Majengo. Alinionyesha kibali cha maziko. Nikahesabu: miezi saba baada ya kaka yake. Hakuna aliyempelekea habari ya kifo cha kaka, wala yeye hakuwahi kujua. Hakuolewa tena baada ya kuachwa.

Basi mafungu manne yalikuwa yake, na yeye amekufa nayo. Kama binti huyu ni wa kumzaa, atachukua nusu ya manne, na nusu itakwenda kwa dada wa Mombasa. Kama si wa kumzaa, dada wa Mombasa atachukua nusu, na nusu ya pili ni ya mtoto wa ami. Kwa hali zote mbili mke anabaki na matatu yake na dada wa Mombasa anafika sita. Mafungu mawili ndiyo yaliyokuwa yakining'inia kati ya ghorofa ile ya Riruta na mtoto wa ami. Na kitambulisho chake, na cheti chake cha kuzaliwa, vyote viliandikwa jina la marehemu mahali pa mama.

Nilimweleza yote, fungu kwa fungu, nikamwonyesha kwenye karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shekhe, karatasi hizo alinitolea yeye, nami nilikuwa mtu mzima. Zimekosea. Mimi hakunizaa. Amenilea." Nikamuuliza kama anajua kwamba hakuna mtu aliye hai anayeweza kulithibitisha hilo isipokuwa yeye. Akasema anajua.

Kisha akaingia ndani akarudi na msahafu uliofungwa katika kitambaa cha kijani. Alisema anausoma kila siku, lakini nyuma ya jalada kuna maandishi ya mkono ambayo hayaelewi: herufi anazijua, maneno si ya Kurani. Mama alimwahidi kumsomea "siku moja", na siku hiyo haikufika.

Yalikuwa maneno ya Kiswahili kwa khati ya Kiarabu, kama walivyoandika mama zetu wote kabla ya shule za serikali. Yalisema kwamba mwandishi amempokea mtoto wa kike, wa miezi kama mitano, kutoka kwa mama yake, jirani, katika mwezi wa Shaabani mwaka 1373, siku ambazo askari walifunga njia zote za mji. Kwamba baba amechukuliwa na mama anarudishwa Reserve. Mwezi wa Shaabani wa mwaka ule ulianguka Aprili na mwanzo wa Mei 1954. Tarehe 24 Aprili 1954 ndiyo iliyoanza Operesheni Anvil, Waingereza walipouzingira mji wa Nairobi na kuwakamata Wakikuyu kwa maelfu. Mwandishi aliandika "nimempokea". Chini yake palikuwa na jina la baba wa mtoto, jina la baba yake baba, na mahali alikotoka: Githunguri.

Nilimsomea mara tatu. Mara ya kwanza hakusema neno. Mara ya pili aliomba nimrudie jina la baba polepole. Alikuwa ameishi miaka yote ile akiitwa binti Abdallah.

Msomaji mwenye msahafu wa zamani nyumbani aufungue leo atazame ndani ya jalada. Kama kuna tarehe ya Hijria asiibadilishe kwa kutoa idadi moja tu ya miaka, maana mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja na hesabu husogea; atafute jedwali, au amuulize mwalimu wa madrasa. Atazame na picha za studio kwa nyuma, ambako mpiga picha aligonga muhuri wa jina na mtaa wake. Na hayo yote ayafanye baada ya kukaa na mwanamke mkongwe kuliko wote katika ukoo na kumsikiliza, kwa sababu karatasi zinangoja na yeye hangoji.

Tulirudi Mombasa tukagawa: mke matatu, dada sita, mtoto wa ami matatu. Mtoto wa ami alichukua yake, na ni haki yake. Dada aliniita kando baadaye akaniuliza kama anaweza kutoa fungu moja katika sita zake kwa hiba, nikamwambia mali ni yake. Alipanda gari moshi la asubuhi akampelekea mwenyewe, pamoja na picha ya nyumba aliyozaliwa dada yake, jambo pekee ambalo mwanamke wa Riruta alikuwa ameniomba. Walikaa siku nne. Dada alitaja majina ya watu wa nyumba ile, waliokufa na walio hai, na mjukuu wa Riruta akawa anaandika katika simu yake.

Mjukuu huyo amekwisha kwenda Githunguri mara mbili. Mara ya kwanza hakupata lolote. Mara ya pili alionyeshwa boma moja karibu na kiwanda cha maziwa, akaambiwa mzee wa hapo anashinda shambani na hurudi jioni, basi aje tena Jumamosi, na aje na nyanya yake.